Umehamia mashine ya umeme ya kupimia baruti na sasa inakusumbua: dalili, sababu na pa kuanzia

Mtu akitoka kwenye kipimo cha mkono na ile mizani ya kubembea akanunua mashine ya umeme, wiki ya kwanza ni raha tupu. Unabonyeza namba, hopa inashusha baruti kupitia mrija unaozunguka, sahani inajaa, inalia pii, unamimina kwenye ganda, na wakati unakandamiza risasi yenyewe inapima nyingine. Wiki ya pili ndio simu zinaanza. Namba inatembea, leo inazidisha kesho inapunguza, kalibresheni, yaani kuisawazisha kwa jiwe la uzito unaojulikana, inakataa. Mimi niko Texas, karibu na Dallas, najaza risasi zangu mwenyewe za kuwindia kulungu na za kulenga shabaha mita mia tatu kwenda juu, na kwa vile tuko wachache tunaoongea Kiswahili kwenye hii kazi naulizwa maswali yaleyale kila mwaka ikikaribia Novemba, msimu wa kulungu. Nimeyaweka kwa dalili, sababu inayotokea sana nimeitanguliza na ile ya nadra iko mwisho, anza na ya juu usikimbilie kufungua skrubu.

Ndugu zangu mlioko nyumbani, hii ni kazi ya huku Marekani ambako mtu anaruhusiwa kujaza risasi zake za matumizi binafsi. Kenya sheria ya silaha, Cap 114, ni kitu kingine kabisa, na Tanzania hivyohivyo, kutengeneza risasi bila kibali ni kesi nzito, kwa hiyo hapa soma tu.

Na kabla ya dalili yoyote, usiuze ile mizani ya zamani ya kubembea. Watu wanaiuza ili kupunguza bei ya mashine mpya na hilo ndilo kosa ninalolijutia kwa niaba yao kila mara. Karibu kila kitu kitakachofuata hapa kinapimwa kwa kuuliza mizani ya pili, na ile isiyotumia umeme haijui feni wala taa wala voltaji.

NAMBA HAITULII, INATEMBEA YENYEWE

Hii ndio namba moja, inazidi nyingine zote ukizijumlisha. Umeweka sahani tupu inasoma 0.0, unaangalia pembeni ukirudi inasoma 0.2, halafu -0.1. Mtu anakwambia mashine mbovu. Mara nyingi sio mbovu.

Kwanza kabisa, haijapata joto. Ndani ya hizi mashine za kawaida, RCBS ChargeMaster, Hornady Auto Charge, Lyman Gen 6 na ndugu zake, kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana uzito ukiwekwa juu, na waya wa kupimia uliobandikwa pale unabadilika umeme wake. Chuma na elektroniki zote zinabadilika zikipata joto. Iwashe, iache dakika 15 hadi 30, ndio ufanye kalibresheni. Kama gereji yako ya baridi Januari ipe saa nzima. Mimi naiwasha kabla ya chai, nikimaliza chai iko tayari. Na ukiikalibreti ikiwa baridi halafu ikapata moto baadae, hiyo kalibresheni haina kazi, rudia.

Pili upepo. Greini, kipimo cha uzito wa baruti, moja ni miligramu 64.8, ina maana 0.1 unayoiangalia kwenye skrini ni miligramu sita na nusu, pumzi yako inaisukuma. Mwaka jana nilipata tofauti ya 0.3 mchana kutwa, asubuhi iko sawa mchana inaharibika, nikabadilisha meza nikabadilisha soketi, kumbe kiyoyozi kikishaanza kupiga saa tano kinapuliza moja kwa moja juu ya sahani. Nilikuwa nimeshajaza maganda hamsini. Niliyamwaga yote hamsini nikapima upya, na sijutii hata dakika moja ya hiyo kazi. Jaribu hivi, zima feni, zima kiyoyozi, funga mlango, subiri dakika tano. Ikitulia umeshapata jibu. Kile kifuniko cha plastiki kinachokuja nayo kitumie, watu wanakiona kero wanakitupa kwenye droo.

Tatu ni umeme wa kusugua, ule unaokupiga ukigusa kitasa cha mlango. Kipindi cha baridi hewa ikikauka ni balaa, punje zinashikana kwenye plastiki na sahani inavutwa bila kuguswa. Watu wanafuta hopa na kifuniko kwa kile kikaratasi cha kuweka kwenye mashine ya kukaushia nguo, inasaidia kweli. Gusa chuma kabla ya kukaa. Usivae sweta la nailoni kazini.

Nne umeme wenyewe na majirani zake. Taa za tyubu za zamani, simu iliyolala kando ya mizani, chaja, jiko la maikrowevu kwenye laini moja, eksitensheni iliyobeba friza. Ondoa simu mbali, hamisha mashine kwenye soketi ya peke yake, tumia adapta iliyokuja nayo na sio yoyote inayoingia tundu. Ukiwa unatumia jenereta au inveta ya bei rahisi namba itacheza tu, umeme wake sio laini.

Tano meza. Ukiegemea namba ikabadilika, meza ndio tatizo. Na ukiwa umefunga presi ya kukandamizia kwenye meza hiyohiyo, kila ukivuta mkono mizani inatikisika. Iweke kwenye rafu ya peke yake iliyofungwa ukutani, uone tofauti.

Ukimaliza yote matano na bado inatembea zaidi ya 0.1 ndani ya dakika kumi, hapo ndio fikiria kile chuma cha ndani kimeumia. Kinaumia mtu akikibonyeza kwa kidole, akikidondoshea kitu, au mashine ikisafirishwa sahani ikiwa juu yake. Hii hutengenezi nyumbani. Irudishe kwa waliotengeneza na usijaze risasi yoyote nayo wakati unasubiri.

SAHANI IKIRUDI HAISOMI SIFURI

Unamimina baruti, unarudisha sahani, badala ya 0.0 inasoma 0.1 au -0.2. Angalia chini ya sahani kwanza, nusu ya hizi kesi ni punje moja au mbili zimekwama pale juu ya kile kibao. Inua, puliza kwa kile kipulizio cha mpira cha kusafishia kamera, usitumie mdomo kwa sababu mate ni uzito pia. Halafu angalia ndani ya sahani kwenye kona, punje zinapenda kubaki pale kwenye mdomo wa kumiminia. Halafu angalia kama sahani inagusa kifuniko au mrija pembeni, kugusa kidogo tu kunabeba uzito.

Kama pote pasafi, jipe subira, wengine wanarudisha sahani kwa kuitupa na mashine inasoma kabla haijatulia. Weka kwa upole, hesabu mbili.

Jambo moja ambalo watu hawalifanyi na lingewaokoa: andika uzito wa sahani tupu kwenye kipande cha tepu ubandike mbele ya mashine. Ukiinua sahani skrini itaonyesha uzito huohuo ukiwa na alama ya kutoa. Kila ukiinua unaona namba ileile, ikibadilika kwa 0.2 ujue sifuri imehama kimyakimya, simama pale usiendelee na ganda lingine. Hii haina gharama yoyote na inakupa ukaguzi kila risasi.

INAZIDISHA, UNATAKA 41.5 INAMWAGA 41.8

Hii inakuja zaidi na baruti za vijiti. Varget, H4350, IMR 4064, zile punje ndefu. Zinajipanga kwenye mdomo wa mrija kama kuni, halafu zinaanguka kwa mkupuo. Punje nne tano za Varget tayari umekula 0.1. Za duara kama H335 zinatiririka vizuri zenyewe zina shida nyingine nitaitaja.

Anza na lavo, yaani usawa wa mashine. Mashine ikiinama mbele mrija unamwaga hata ukisimama. Zungusha miguu mpaka kile kipovu kikae katikati, kama haina kipovu tumia lavo ya fundi.

Hapo mtandao mzima wa wajazaji unajua dawa ya mrija wa soda. Unachukua mrija wa plastiki wa kunywea, wa McDonald's ndio uliojipatia jina maana unene wake unakaa vizuri kwenye ChargeMaster, unakata kipande kifupi unakisukuma ndani ya mdomo wa mrija wa mashine kikae kwa kubana. Mdomo unakuwa mwembamba na kile kikingo kidogo kinavunja mikupuo. Nimeitumia miaka, inafanya kazi. Mashine mpya nyingi zimeshatengenezewa hiyo ndani kwa hiyo usibandike bila kuangalia. Hakikisha hakilegei, kikitoka kikadondoka kwenye sahani mashine itakihesabu kama baruti na utakuwa umepunguza bila kujua.

Halafu kasi. Mashine nyingi zinakuruhusu kuchagua ni lini iache kumwaga haraka ianze kudondosha punje punje. Ifanye ianze kudondosha mapema zaidi. Itakuwa polepole, lakini ganda la greini arobaini na kitu kuchukua nusu dakika sio ugonjwa, ndio kazi yake. Mtu aliyezoea kipimo cha mkono kinachomwaga kwa sekunde mbili anaona mashine imelala, hapana, hiyo inapima.

Hopa ikiwa imejaa pomoni nayo inasukuma, iweke nusu hadi robo tatu na uifanye hivyohivyo kila siku.

Ikizidisha unafanya nini? Inua sahani, rudisha yote kwenye hopa, pima upya. Usichote kwa vidole ukakadiria. Na usijiambie 0.3 sio kitu. Kwenye ganda kubwa mbali na kiwango cha juu labda hutaiona hata kwenye shabaha, lakini kwenye ganda dogo kama .223 linalobeba greini ishirini na kitu, tena uko karibu na kiwango cha juu cha kitabu cha vipimo vya baruti, 0.3 ni zaidi ya asilimia moja ya baruti yote na presha haipandi kwa mstari ulionyooka.

MOTA INAZUNGUKA BARUTI HAITOKI

Hopa tupu, ndio, mwingine atacheka lakini ndio ya kwanza. Ya pili baruti imejenga daraja, punje zimeshikana juu ya mrija chini pametupu, gonga hopa kwa upole na kidole. Usichomeke bisibisi wala waya wakati mota inazunguka. Ya tatu mrija haujakaa vizuri baada ya kusafishwa, uchomoe urudishe mpaka ubonyee. Ya nne, na hii ni ile shida ya baruti za duara niliyoisema, vumbi laini linapenya kwenye mpaka wa mrija na nyumba yake, linasagika, mota inaanza kulia sauti ya kuvuta. Ukisikia hiyo sauti zima, mwaga baruti yote, toa mrija, piga brashi kavu. Usitie mafuta, mafuta yanaharibu baruti na yanashika vumbi zaidi.

Mota ikiwa ya moto mkononi au inazunguka kwa kusitasita hata bila baruti, gia za ndani zimekwisha, irudishe.

Kinyume chake, baruti inatoka bila mota, inamwagika mezani. Kile kibomba cha kumwagia pembeni umekiacha wazi. Kila mmoja wetu imemtokea. Fagia kwa brashi na karatasi, usitumie vakyumu ya nyumbani, mota yake ina cheche na unavuta baruti kuipitisha hapohapo.

KALIBRESHENI INAKATAA

Mawe kwanza. Mashine nyingi zinataka gramu 50, nyingine zinataka mawili kwa zamu, na mtu akiazima jiwe la mizani ya dhahabu la gramu 100 mashine inagoma. Ni haki yake kugoma. Jiwe lishike kwa kitambaa, mafuta ya vidole yanaongeza uzito kidogo kidogo na likianguka sakafuni likapata jino sio gramu 50 tena. Pili, lavo tena. Tatu uliibonyeza kabla haijatulia, rudia polepole. Nne kuna kitu kimebaki juu ya kibao. Ikikataa mara tatu mfululizo kila kitu kikiwa sawa, usitafute njia ya kuiruka, kuna watu wanabonyeza bonyeza mpaka ikubali halafu wanaendelea. Hiyo imekubali nini?

MASHINE INASEMA HIVI, MIZANI YA PILI INASEMA VILE

Hapa ndio penyewe. Namba haitembei, sifuri inarudi, kalibresheni imepita, kila kitu kinaonekana kizuri, lakini ukipeleka sahani kwenye mizani ya kubembea unapata 0.4 pungufu. Au hukuwa na mizani ya pili, umegundua uwanjani, kronografu, kipima spidi ya risasi, inaonyesha spidi imepanda na boliti ya bunduki inafunguka kwa shida.

Angalia greini na gramu. Gramu moja ni greini 15.43, ukikosea kwenye mashine utaona maana itamwaga mpaka sahani ifurike, lakini kwenye mizani ya pili unaweza kuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Halafu hakikisha hizo sahani mbili umezisifurisha kila moja kwa mizani yake, usihamishe sahani. Halafu mizani ya kubembea yenyewe, visu vyake, zile ncha zinazobeba mkono wa mizani, vina vumbi? Kile kipande kidogo cha uzito kimekaa kwenye jino lake kamili au kimepanda nusu?

Njia ya kumaliza ubishi ni mawe madogo ya ukaguzi, yale ya greini, unayapanga mpaka ufike karibu na uzito unaojaza. Hii muhimu sana: kalibresheni ya gramu 50 inakwambia mashine iko sawa kwenye greini 770 na kitu, haikwambii iko sawa kwenye 40. Pima pale unapofanyia kazi. Mimi napima jiwe mwanzo, kila baada ya risasi ishirini, na mwisho. Nikikuta imehama, zile ishirini za mwisho zote zinarudi mezani, sio moja, zote.

Na ujue kipimo chenyewe kina mwisho wake. Mashine iliyoandikiwa usahihi wa 0.1 ina maana juu 0.1 au chini 0.1, kwa hiyo maganda mawili yote yamesoma 41.5 yanaweza kupishana 0.2 na mashine haijakosea kitu. Kwa kulungu mita mia haina neno. Kwa anayepiga mita elfu moja, ndio maana wanahamia kwenye AutoTrickler, kifaa cha kudondosha baruti kidogo kidogo, kikifanya kazi na mizani ya maabara ya A&D FX-120i, inayopima kwa nguvu ya sumaku na kusoma mpaka 0.02. Usiilaumu mashine ya kawaida kwa kazi ambayo haikutengenezewa.

Kama tayari umeshapiga na ukaona dalili za presha, fataki, kile kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda, imebonyea bapa au imetoboka, boliti nzito, alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda, acha kupiga hapohapo. Usimalize boksi. Zilizobaki zivunje kwa ile nyundo ya kuchomolea risasi, baruti uipime moja moja. Na ukisikia mlio mdogo, pofu, kama kizibo, usipige nyingine juu yake, risasi inaweza kuwa imekwama ndani ya mtutu. Toa risasi zote, peleka kwa fundi bunduki. Hiyo sio ya kujaribu kusukuma mwenyewe na fimbo ukiwa na haraka.

Kabla ya kukandamiza risasi yoyote, maganda yakiwa yamesimama kwenye kibao chake piga tochi uangalie usawa wa baruti yote. Ganda lililojazwa mara mbili au lililo tupu linaonekana kwa macho hata kama mashine ilikuwa inakudanganya.

HUJUI NI BARUTI GANI IKO KWENYE HOPA

Mashine haina kosa hapa lakini mashine ndiyo inayolisababisha, maana hopa ni kubwa na nzuri na mtu anaiacha na baruti mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo anakuta punje nyeusi. Karibu zote ni nyeusi au kijivu. H4350 na Varget ukiziweka kiganjani utabisha na mwenzako. Mdogo wangu alinipigia usiku kunitumia picha anaomba nimwambie ni ipi. Nilimwambia hakuna mtu duniani anayejua kwa picha, na kwa macho pia hapana.

Baruti usiyoijua haiingii kwenye ganda, hairudi kwenye chupa. Watu wengi huitawanya kidogo kidogo nyembamba kwenye majani nje, ina nitrojeni, mbali na moto na watoto. Inauma pochi, sawa.

Kuanzia leo chupa moja tu mezani, jina lake limeandikwa kwenye tepu juu ya hopa, na ukimaliza unamwaga yote irudi kwenye chupa yake halafu unaendesha mota ikiwa tupu mpaka punje za ndani ya mrija zitoke, kwa sababu zipo, daima zipo. Tena baruti zenye nitrogliserini zikikaa kwenye hopa zinaila plastiki, utaona imefifia na kuwa na ukungu ambao haufutiki. Na baruti nyeusi ya kizamani usiitie kabisa kwenye hii mashine, hiyo inawaka kwa cheche ndogo tu.

HARUFU, JOTO, MOSHI

Chomoa kwenye soketi ya ukutani, sio kitufe. Sogeza chupa ya baruti mbali kwanza halafu ndio umwage hopa ikishapoa. Kama kuna mwali usikae kupigana nao na kopo la baruti liko wazi pembeni, toka, toa watu, piga 911. Kama ilikuwa harufu tu, gusa adapta, mara nyingi ni yenyewe imeungua, agiza ya mashine hiyohiyo kutoka kwa waliotengeneza. Lakini harufu ikitoka kwenye mwili wa mashine usiifungue hata kama unajua kuchomea waya, vumbi la baruti limekaa ndani ya hicho kiboksi miaka na chuma cha kuchomea ni cha moto. Ifungashe, hopa iwe tupu na safi, uitume.